Siku Moja Wasini

Sisi ni watu wa Noonkopir, mji ambao siku hizi wengi huuita Kitengela, na kwetu bahari ni jambo la kusimuliwa. Mbele yetu ipo barabara iendayo Namanga. Nyuma yetu yapo malisho ambayo zamani nyumbu waliyavuka msimu wa mvua wakitoka Mbuga ya Nairobi, nayo sasa yamekatwa vipande vipande kwa nyua na mageti. Upepo tunao, tena mwingi, lakini huleta vumbi. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi hushika kiatu ukakataa kukirudisha. Tulihamia huku kwa sababu baba watoto alipata kazi katika viwanda vya EPZ pale Athi River, kama walivyohamia wengi, tukasema tutakaa miaka miwili. Watoto wanne wamezaliwa ilhali sisi tungali tunaihesabu miwili hiyo.

Binti yetu, wa pili kuzaliwa, mwenye umri wa miaka 11, aliona katika simu ya jirani familia moja ikishuka kutoka meli kubwa ya kitalii na kukitembelea kisiwa cha Ugiriki kwa siku moja: nyumba nyeupe, ngazi za mawe, punda waliofungwa kivulini, bahari ya samawati hadi mwisho wa macho. Akaja kutuuliza kwa nini wenzake wana visiwa na sisi hatuna. Baba yake, aliyelelewa Wasini hadi akaota ndevu, alinyamaza kitambo, kisha akamwambia, "Mnacho."

Picha hiyo ndiyo iliyowapa watoto hamu. Sisi wazazi tulikuwa na sababu nyingine, nayo ni Bibi. Kwa hakika si mama mzazi wa baba watoto bali ni shangazi yake, aliyemchukua mtoto alipofiwa na mama, akamlea pamoja na wanawe bila ya kumwonyesha tofauti. Wanawe sasa wametawanyika, mmoja Mombasa, mmoja ng'ambo, na nyumba imebaki naye peke yake. Jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. La pili anasema linamtosha kwa yale anayotaka kuyaona. Mwezi wa kumi jirani alitupigia simu kutuarifu kuwa Bibi ameteleza kando ya jabia na kulala kitandani siku nne. Usiku ule ule tuliamua: likizo ya Disemba tutakwenda kumchukua aje kukaa nasi.

Tulijitayarisha kama wanaomngojea mgeni wa heshima. Chumba cha wavulana tulikitenga, wao wakahamia sebuleni. Tulinunua blanketi zito, kwa maana Julai ya Noonkopir si ya mchezo kwa mifupa iliyozoea joto la pwani. Na kwa kuwa baba watoto alipewa ruhusa ya siku tatu tu, siku ya kwenda, siku ya kisiwani na siku ya kurudi, tulikata tikiti za treni mapema: sita za kwenda na saba za kurudi. Ile ya saba ilikuwa na namba ya kitambulisho cha Bibi.

Treni ile isimamayo vituo vyote tuliipandia Athi River. Nauli ya daraja la kawaida, tangu ilipopandishwa mwaka 2024, ni shilingi 1,500 kutoka Nairobi hadi Mombasa, na watoto walio chini ya miaka 12 hulipiwa nusu. Familia ya watu sita hulihisi jambo hilo. Ya safari hatutayasema mengi. Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, vituo vilipita, na adhuhuri ikatukuta tukikaribia Mariakani. Kutoka Miritini tungeweza kupita barabara mpya ya Dongo Kundu tukalikwepa bandari kabisa, lakini watoto walishikilia feri ya Likoni, na hatukuona sababu ya kuwanyima. Tulilala Ukunda kwa jamaa, na asubuhi ya pili kabla jua halijapanda tulikuwa garini kuelekea Shimoni, kupitia Msambweni na Ramisi.

Shimoni imepata jina lake kutokana na mapango ya mawe yaliyo hapo kando ya bahari. Wazee husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo wakingojea majahazi. Hapo ndipo pia Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipoweka makao yake ya mapema, mwishoni mwa karne ya 19, kabla serikali ya kikoloni haijajenga mizizi. Kifunguamimba wetu, ambaye amefika umri wa kupenda tarehe, alitaka kuingia pangoni. Tulimwambia tutaingia siku nyingine. Siku hii ilikuwa na mwenyewe.

Kutoka Shimoni hadi Wasini ni mlango mwembamba wa bahari, si mbali hata kidogo. Wageni wengi huupita tu wakielekea Kisite na Mpunguti, hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1978, wakatazame pomboo na samaki wa matumbaweni, kisha warudi Wasini kula chakula cha mchana. Sisi tulipanda mashua ya abiria pamoja na magunia ya unga, kreti za soda na mama mmoja aliyebeba godoro. Kaskazi ndiyo kwanza ilikuwa imeingia na maji yalikuwa matulivu. Miezi ya kusi, alisema nahodha, mlango huu huu huweza kumfanya mtu mzima akumbuke dua zake zote. Kitindamimba wetu, mwenye miaka minne, alitia mkono majini, akauonja, akatutazama kwa lawama. Chumvi alikuwa ameambiwa; hakuwa ameamini.

Yalikuwa majira ya bamvua. Tulifika saa tatu na nusu maji yakiwa yanakupwa kwa haraka, na nahodha akatushusha mahali yalipofika magotini. Akatuonya: saa tisa anaondoka. Alasiri maji yakirudi atakuwa na abiria wa upande wa pili.

Wasini ni kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita 5 na upana wa kilomita moja hivi. Kijiji chenyewe kiko upande mmoja na Mkwiro uko upande wa pili. Barabara ya magari haipo. Vijia hupita kati ya nyumba za mawe na za udongo, na mtu hutembea akitoa salamu kila hatua tatu. Hapo ndipo tulipoanza kupata shida ambayo hatukuitarajia. Wenyeji ni Wavumba, watu ambao historia yao inarudi hadi mji wa kale wa Vumba Kuu, na Kiswahili chao ni Kivumba. Baba watoto alikirudia mara tu mguu ulipogusa mchanga, kama mtu avuaye viatu. Wanawe walimtazama wasimtambue. Kwao Kiswahili ni kile cha Noonkopir, kilichochanganyika na Kiingereza cha shule, Sheng ya stendi na maneno mawili matatu ya Kimaasai waliyoyapata kwa majirani. Mzee mmoja alipowauliza habari zao kwa maneno marefu ya heshima, mvulana wetu wa tatu alijibu, "Fiti." Mzee alicheka kwa upole. Sisi tuliangalia baharini.

Bibi alikuwa mlangoni. Sijui ni nani aliyemfikishia habari mbele yetu, lakini kisiwani habari huwa na miguu. Watoto wakaambiwa wamwamkie. Wakasema shikamoo kwa zamu na kuubusu mkono, naye akawaitikia marahaba mmoja mmoja, akiwashika nyuso kwa vidole kama anayezisoma. Alipofika kwa binti yetu alisita, akamwambia baba yake, "Huyu ni mamako." Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona picha ya marehemu, kwa sababu haipo.

Kabla hata ya kuketi alitaka kujua tumekuja na kiu kiasi gani, akampeleka binti kuchota maji katika jabia. Msomaji asiyejua, jabia ni birika kubwa la kujengwa ambalo hukusanya maji ya mvua kutoka paani; kisiwa hiki cha mawe ya matumbawe hakina mto, na vizazi vingi vimeishi kwa jabia na kwa madebe yaliyovushwa kutoka bara. Bibi akauliza, "Na huko kwenu mnakunywa nini?" Tukamweleza kwamba visima vyetu vingi vina maji ya chumvi chumvi, kwa hiyo tuna matangi nje ya nyumba, tunakinga mvua, na isiponyesha tunanunua kwa lori. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia baba watoto: "Basi ulihama kwenda wapi?"

Asubuhi hiyo hatukulitaja jambo letu. Kwetu si adabu kuingia nyumba ya mtu mzima na kumtolea hoja kabla hajakulisha. Yeye naye, nadhani alijua, alitutoa nje kwa nguvu: watoto lazima waione bustani ya matumbawe. Akavaa buibui lake, akashika mkono wa binti badala ya bakora, tukaenda.

Bustani hiyo ni uwanja wa matumbawe ya kale yaliyokufa na kubaki juu ya ardhi, mengine marefu kuliko mtu, yamechongwa na maji na upepo, na kati yake mikoko. Wakati wa bamvua bahari huingia humo na kutoka. Wanawake wa Wasini, kwa umoja wao, walijenga daraja la mbao linalopita juu, wakaweka kiingilio, na mapato yakawa yao ya kusaidia ada za watoto na mahitaji ya kijiji. Saa tano ile maji yalikuwa yamekauka kabisa, na kaa wadogo wakikimbia chini yetu kwenye tope. Mama aliyekaa mlangoni alikataa kutoza pesa wajukuu wa Bibi. Bibi akatukataza kukubali. "Lipeni," akasema. "Mbao huoza."

Neno lile lilitukumbusha Ugiriki, tuliyokuwa tumeisoma kidogo kwa ajili ya maswali ya binti. Huko nako wamefika kwenye hesabu hiyo hiyo, ila kwa ukubwa mwingine. Kuanzia mwaka 2025 kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Santorini au Mykonos hutozwa ada ambayo wakati wa msimu hufika yuro 20, kwa kuwa maelfu hushuka asubuhi, hujaza vichochoro, hutumia maji, na jioni wameshaondoka. Huko ni serikali iliyotoza. Hapa ni kina mama waliokaa chini wakapiga hesabu ya misumari. Binti alipoelezwa, aliuliza kama sisi nasi si watu wanaoshuka asubuhi na kuondoka jioni. Tulimwambia ashike ukingo vizuri.

Adhana ya adhuhuri ilipotolewa, baba na wanawe wakubwa wawili walielekea msikitini, nasi tukasali nyumbani pamoja na Bibi. Waliporudi, kifunguamimba alikuwa na swali lililomsumbua njiani. Madrasa ya Noonkopir imemfundisha kwamba msafiri huruhusiwa kupunguza sala ya rakaa nne iwe mbili. Yeye ni msafiri, hilo halina shaka. Je, baba naye ni msafiri hapa, mahali alipojifunza kutembea? Msikitini jambo halikuzuka, kwa sababu anayesali nyuma ya imamu mkaazi hukamilisha nne kama yeye. Lakini peke yake angefanyaje? Baba yake alisema ni swali zuri, atamuuliza mwalimu. Bibi, aliyekuwa akipakua, hakuinua uso. "Muulizeni yeye mwenyewe," akasema, "anarudi lini."

Chakula kilikuwa wali wa nazi, changu wa kupaka, na mboga ya pwani, ile mimea minene iotayo ufuoni, ambayo watoto waliila wakidhani ni mchicha ulioanguka katika chumvi. Mtoto wa nduguye Bibi, ambaye nyumba yake imeegemeana na ya Bibi na ambaye humwangalia asubuhi na jioni, alileta pweza. Tulikula kwenye mkeka, sinia mbili, na ilipobaki saa moja na nusu ya mashua, baba watoto alisogea karibu na shangazi yake, akamwambia tulilolijia.

Alilisema vizuri. Alimweleza juu ya chumba, juu ya hospitali iliyo karibu, juu ya msikiti ambao adhana yake husikika hadi kitandani, juu ya tikiti iliyokwisha kulipiwa. Mkazamwana naye akaongeza alilokuwa ameliweka moyoni: kwamba watoto hawa wanakua bila ya mtu mzima wa kuwasahihisha maneno, na kwamba yeye mwenyewe angependa kuwa na mama ndani ya nyumba.

Bibi hakujibu upesi. Alinawa mikono, akajifuta kwa ncha ya leso.

"Hapa," akasema, "mwanamke akishikwa na uchungu usiku, huniita. Akifa mwanamke, mimi ndiye nimwoshaye, nami ninafundisha wawili sasa ili wanishike nafasi. Bado hawajui vizuri. Huko kwenu nani ataniita?"

Tulisema kwamba huko atapumzika.

"Nimelala siku nne mwezi wa kumi," akajibu. "Nimeshapumzika."

Baba watoto alijaribu tena. Akataja jabia, akataja jicho. Bibi akamshika goti. Hakuwa na hasira, na pengine ndiyo maana hatukuweza kushindana naye. Alimwambia kwamba anashukuru, kwamba hajaona mtoto wa kuzaa aliyemfanyia zaidi, na kwamba asimwombe tena leo. Kisha akasema neno ambalo hatukulijia kabisa: ikiwa tunahofu kuwa yuko peke yake, tumwachie binti hadi shule zifunguliwe.

Sisi wawili tulitoka nje, tukasimama nyuma ya jabia kama wezi. Hapa lazima tuseme kweli kwamba hatukuwa na rai moja. Mmoja wetu aliona ni jambo lililonyooka: ni nyumba aliyolelewa yeye, jirani yupo ukuta kwa ukuta, bahari haimli mtoto aliyefunzwa, na wiki tatu si maisha. Mwingine aliona mtoto wa miaka 11 asiyejua kuogelea, kisiwa kisicho na hospitali, na mwanamke mzee aliyewahi kuteleza mahali pale pale tuliposimama. Ikiwa Bibi ataanguka usiku, nani atamtunza nani? Hata lugha mtoto haijui. Tulibishana kwa sauti ya chini, kwa namna ya watu waliooana miaka mingi, kila mmoja akijua sentensi ya mwenzake kabla haijaisha. Maji yalikuwa yameanza kurudi, tuliyasikia.

Jirani ndiye aliyekuja kutuita. Alisema, bila ya kuulizwa, kwamba binti angelala kwake zikibidi siku za Bibi kwenda kwenye mazishi ya mbali, na kwamba yeye ana mabinti wawili wa rika lake ambao wamekwisha kumchukua. Tulichungulia. Kweli, binti yetu alikuwa barazani na wenzake hao, akijaribu kutamka jambo fulani, nao wakimrudisha, naye akilirudia. Alikuwa amekwisha kuvua viatu.

Tulimwuliza mwenyewe. Hakurukaruka kama tulivyotarajia. Alifikiri, kisha akauliza kama Bibi atamruhusu kuchota maji peke yake. Bibi akasema hapana, mpaka aufahamu ukingo. Akasema basi atabaki.

Saa tisa nahodha alikuwa anapiga honi. Tulimwachia binti simu ndogo, leso mbili za mama yake na pesa ya mashua endapo lolote lingetokea. Baba watoto alimkabidhi Bibi fedha za nyumba, akazipokea bila ya kuzihesabu na kuzifunga katika ncha ya leso. Hatukuonana nao pwani. Bibi hasindikizi mtu hadi majini, anasema ni kumharakisha. Mashua ilipofika katikati, kitindamimba alihesabu watu kwa kidole, akafika watano, akaanza upya.

Usiku tulilala Mombasa, na asubuhi saa mbili tulikuwa kwenye treni. Tikiti zilikuwa saba na sisi tulikuwa watano, kwa hiyo mbele yetu palikuwa na viti viwili vitupu vilivyolipiwa. Voi alipanda mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akavitazama viti, akauliza kama vina wenyewe. Tulimkaribisha, akamlaza mdogo kwenye kile cha dirishani.

Tulikuwa tumekaribia Emali simu ilipolia. Binti alikuwa anaongea kwa haraka: wameamka alfajiri, wamekwenda na Bibi kumwona mzazi, ni mtoto wa kiume, na yeye ameruhusiwa kushika taa. Samaki wameliwa. Ukingo wa jabia ameshaufahamu lakini Bibi anasema bado. Kisha akanyamaza, tukasikia mtu akimwambia jambo pembeni, naye akalipokea na kutufikishia kwa uangalifu, kama aliyepewa amana:

"Bibi anauliza, lile blanketi mliloninunulia, anasema, ni zito?"

Tukamjibu kwamba ni zito.